Mfinyanzi Hulia Gaeni: Hukumu juu ya Kauri ya Mifupa ya Uingereza

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana ya nje ya methali hii ni kuwa mtu afinyangaye vyungu vya watu aghalabu hukosa chungu kizima nyumbani kwake, akala katika kigae. Maana ya ndani ni pana zaidi: uzuri wa kazi husafiri mbali na mtendaji wake, na mwenye kuufaidi mara nyingi hamjui aliyeutoa. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya miji ya kaskazini ya Staffordshire, Uingereza, lakini ni vigumu kupata mahali ilipothibitika kwa ukamilifu kama huko. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili miji sita iliyo jirani, yaani Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, ilipeleka sahani na vikombe katika kila bara. Chombo kilichosifiwa kuliko vyote vilivyotoka huko ni kile cha kauri ya mifupa: cheupe kama maziwa, chembamba kama ganda la yai, na chenye kupitisha nuru hata kivuli cha vidole huonekana upande wa pili kikishikwa mbele ya taa.

Hukumu mbili hutolewa juu ya chombo hiki. Ya kwanza husema kuwa ni mwigo tu. China ndiyo mama wa kauri, na Waingereza, baada ya kutamani kwa muda mrefu wasichoweza kukifanya, waliunga kitu kinachofanana nacho kwa mifupa ya ng'ombe. Hukumu ya pili ni ya wauzaji na wakusanyaji wa vitu vya thamani. Hao husifu weupe wa chombo, wepesi wake, na mlio wake kigongwapo kwa ukucha, kana kwamba sifa hizo zilishuka kutoka mbinguni zikakuta meza imekwisha kuandaliwa. Hukumu hizi zinapingana, walakini zina kosa moja. Zote mbili hutazama uso wa chombo, zikaishia hapo. Mhakiki wa haki hana budi kuuliza maswali matatu: chombo kimetokana na nini, kinasema nini, na kimegharimu nini. Asiyeuliza swali la tatu hajalijibu vema hata la kwanza.

Jina lenyewe la kauri ni mahali pema pa kuanzia. Katika Kiswahili neno hili, ambalo asili yake ni Bara Hindi, ni jina la simbi ndogo ya baharini iliyotumika zamani kama fedha, na ni jina la vyombo vya Kichina pia. Katika Kiitaliano jambo lile lile lilitukia bila ya watu wa pande mbili kushauriana: neno porcellana, ambalo lugha nyingine za Ulaya zililitwaa kwa kutajia vyombo hivyo, lilikuwa kwanza jina la simbi hiyo hiyo. Waitaliano na watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikiona chombo kimoja, wakakumbuka simbi moja. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba kauri ilijulikana kwa macho kabla ya kujulikana kwa akili. Watu waliona mng'aro, wakakiita chombo kwa jina la kitu kingine king'aacho. Katika pwani hiyo mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika nguzo za makaburi na kupangwa katika zidaka za nyumba za Lamu, na katika karne ya 19 sahani za Ulaya zilifuata njia ile ile. Popote kilipofika, chombo kilipokewa kama uso mzuri usio na ukoo.

Ukoo wake, hata hivyo, wajulikana. Wachina walifanya kauri kwa vitu viwili vikuu: udongo mweupe uitwao kaolini, ambao hauyeyuki kwa moto wa kawaida wa joko, na jiwe laini la jamii ya matale lililosagwa, ambalo huyeyuka na kuugandamanisha udongo ule. Mwili wa chombo na kipako chake cha kung'aza viliiva pamoja katika moto wa digrii 1,300 za Sentigredi au karibu yake. Ulaya haikuipata siri hiyo mpaka mwaka 1708, wakati Johann Friedrich Böttger, akifanya kazi pamoja na mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, alipofaulu katika nchi ya Saxony. Kiwanda cha Meissen kilifunguliwa mwaka 1710 chini ya ulinzi wa mtawala wa nchi. Baada ya hapo Padre François Xavier d'Entrecolles, Mfaransa aliyekaa Jingdezhen, mji mkuu wa kauri ya China, aliandika barua mbili, ya mwaka 1712 na ya mwaka 1722, akieleza kazi ya mafundi wa huko hatua kwa hatua. Tangu siku hizo siri haikuwa siri tena kwa mwenye kusoma.

Waingereza walikuwa na shida ya namna nyingine. Kwao hapakuwa na mfalme wa kuwalisha wavumbuzi wakati wa kushindwa. Waliojaribu walikuwa wafanya biashara, wachoraji na watengeneza dawa, na kila joko lililoharibika lilikuwa hasara mfukoni mwao. Katika kitongoji cha Bow, mashariki ya London, mchoraji Thomas Frye na mwenziwe Edward Heylyn walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao mwaka 1744. Mwaka 1749 Frye alipewa hati ya pili, ambayo ndani yake majivu ya mifupa yalifichwa chini ya jina la udongo bikira. Kiwanda chao walikiita Canton Mpya. Jina hilo lakiri unyenyekevu wa mwigaji, lakini majivu yale tayari yalikuwa yamekwisha kumtoa katika njia ya mwalimu wake, kwa maana Canton ya kweli haikutia mifupa katika kauri.

Njia ya Kichina yenyewe ilijaribiwa pia. William Cookworthy, mtengeneza dawa wa Plymouth, aligundua katika Cornwall udongo mweupe na jiwe lililohitajika, na mwaka 1768 akapata hati ya kufanya kauri ya namna ya China. Kwa hesabu ya wale wanaodai mwigo mkamilifu, hapo ndipo kazi ingalikuwa imekwisha. Lakini sivyo ilivyokuwa. Vyombo vilipinda motoni, makaa na kuni vilikula faida, na haki ya uvumbuzi ikapita kwa Richard Champion wa Bristol mwaka 1774. Champion alipoomba muda wa hati uongezwe mwaka 1775, wafinyanzi wa Staffordshire wakiongozwa na Josiah Wedgwood walimpinga Bungeni, wasije wakafungiwa udongo na jiwe la Cornwall. Mwishowe haki hiyo iliuzwa kwa watu wa Staffordshire mwaka 1781. Siri ya China ilikuwa mikononi mwao kamili, na bado hawakuifuata.

Waliyoifuata ni njia iliyokamilishwa mjini Stoke katika kiwanda cha Josiah Spode, aliyefariki mwaka 1797, na mwanawe mwenye jina lile lile. Katika miaka ya 1790 na mwanzo wa karne iliyofuata walithibitisha mchanganyiko ambao uliendelea kuwa msingi wa kazi hiyo: majivu ya mifupa kadiri ya asilimia 50, kaolini asilimia 25, na jiwe la Cornwall asilimia 25. Mifupa ya ng'ombe ilitolewa mafuta na gundi yake, ikachomwa hata ikawa meupe, kisha ikasagwa kwa maji. Majivu hayo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huyeyusha na kuunganisha mwili wa chombo, nayo huupa weupe ambao udongo peke yake haukuweza kuutoa.

Utaratibu wa moto pia uligeuzwa. Chombo cha Kiingereza huingia jokoni mara ya kwanza bila ya kipako, kikaiva kwa moto mkali wa digrii 1,250 hivi. Hupakwa baadaye, na kipako huiva katika moto mdogo zaidi, kama digrii 1,100. Kwa hiyo yale yanayofanyika pamoja katika China hutengwa katika Uingereza, na mfuatano wa nguvu za moto ni mwingine kabisa. Msomaji akiyapima mambo haya ataona kwamba hukumu ya kwanza imeanguka. Mwigo ni kufuata njia ya mwingine mpaka mwisho wake. Hawa walipotea njia, na walipoonyeshwa njia walikuwa wamekwisha fika mji mwingine. Kauri ya mifupa ni kazi ya asili iliyozaliwa na mwigo ulioshindwa, na katika historia ya sanaa kuzaliwa kwa namna hiyo si aibu. Lugha nyingi zimepata mashairi yao mazuri kwa kushindwa kuiga bahari za lugha nyingine.

Jina ambalo watu hulitaja kwanza katika habari hizi, jina la Wedgwood, lina nafasi ya pembeni katika kauri ya mifupa yenyewe. Josiah Wedgwood, aliyezaliwa Burslem mwaka 1730 na kufa mwaka 1795, hakuifanya kamwe. Kiwanda chake kiliianza mwaka 1812, kikaiacha baada ya miaka kumi hivi, kisha kikairudia mwaka 1878. Sifa yake ilitokana na chombo cha udongo chenye rangi ya malai, kilichopewa jina la Malkia mwaka 1765, na ilitokana na utaratibu wa kazi. Katika kiwanda chake cha Etruria, kilichofunguliwa mwaka 1769, kila mtu alipewa sehemu moja ya kazi: mmoja kugeuza gurudumu, mmoja kutia mikono ya vikombe, mmoja kuchora ukingo. Wilaya nzima ilijifunza utaratibu huo. Faida yake ni kuwa chombo cha elfu kilifanana na cha kwanza. Hasara yake ni kuwa hapakuwa na mtu tena aliyeweza kukishika chombo akasema kuwa kimetoka mikononi mwake. Mwaka 1787 Wedgwood huyo huyo alitoa kidani cha udongo chenye sura ya Mwafrika aliyepiga magoti katika minyororo, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu, na alikigawa bure kwa ajili ya kupinga biashara ya watumwa. Kidani hicho ni ushahidi kuwa udongo wa Staffordshire uliweza kusema neno la haki. Swali linalobaki ni kama uliweza kulisema juu ya wale walioufinyanga.

Hapa swali la pili laingia: chombo kinasema nini? Kilichosema zaidi kuliko vyote ni sahani ya mwerebi. Mwaka 1784 Spode wa kwanza alianza mjini Stoke kazi ya kupiga chapa ya rangi ya buluu chini ya kipako, na karibu na mwaka 1790 picha ya namna ya Kichina ilitengenezwa Uingereza ikaenea kwa viwanda vingi, juu ya vyombo vya udongo na vya kauri pia. Ndani yake mna mwerebi ulioinama juu ya maji, jumba la tajiri, daraja lenye watu watatu, mashua, na juu ya yote ndege wawili wanaotazamana. Picha hii haikuchorwa na Mchina, wala hapakuwa na hadithi nyuma yake. Hadithi iliundwa baadaye ili iieleze picha. Katika mwaka 1849 gazeti la Kiingereza, The Family Friend, lilieleza kwamba binti wa mkuu wa China alimpenda karani maskini, baba akakasirika, wapenzi wakakimbia kwa kupita daraja, na baada ya kifo chao wakageuzwa kuwa njiwa. Wasomaji waliiamini kuwa ni hadithi ya kale, wakawafundisha watoto wao mezani.

Mhakiki wa fasihi hawezi kuipita habari hii kwa haraka, kwa sababu ni mfano adimu wa hadithi iliyozaliwa na chombo badala ya chombo kupambwa kwa hadithi. Si mbaya kama hadithi. Ina kizuizi, ina safari, ina adhabu na malipo, na kila sehemu yake ina alama yake katika picha, hata mtoto asiyejua kusoma aliweza kuisoma kwa kidole wakati anapokula. Kosa lake ni jingine. Ilimpa mlaji machozi ya kumlilia msichana wa nchi ya mbali ambaye hakupata kuwako, wakati mtoto aliyeibeba sahani ile ikiwa bado mbichi aliishi mwendo wa siku moja kutoka katika meza hiyo, na hakuliliwa na mtu. Macho ya msomaji yaliongozwa ng'ambo ya bahari ili yasitazame ng'ambo ya mto.

Mtoto huyo si wa kubuniwa. Mwaka 1841, miaka minane kabla ya hadithi ya mwerebi kuchapwa, Samuel Scriven, mjumbe wa tume ya serikali juu ya kazi za watoto, alitoa taarifa yake juu ya viwanda vya wilaya hiyo baada ya kuwauliza watoto wenyewe. Miongoni mwao walikuwamo wakimbiza kalibu. Fundi wa sahani aliutandaza udongo juu ya kalibu, na mtoto aliichukua kalibu pamoja na sahani mbichi akakimbia nayo mpaka chumba cha kukaushia, chenye joto la kuchoma uso, akaipanga huko, akarudi mbio na kalibu tupu. Alifanya hivyo tangu alfajiri hata usiku. Sheria za viwanda hazikuwafikia wafinyanzi hawa mpaka mwaka 1864. Wahenga walisema pia kuwa udongo uwahi ungali maji, wakikusudia malezi ya mtoto. Huko udongo na mtoto viliwahiwa pamoja.

Lakini gharama iliyo nzito kuliko zote imo katika sifa zile zile zinazosifiwa, na kwa ajili hiyo haiwezi kutengwa na hukumu ya uzuri. Sifa ya kwanza ni umbo. Chombo cha kauri ya mifupa hulegea katika moto wa kwanza karibu kuyeyuka, na bila ya kutegemezwa hupinda. Ili kisipinde kilizikwa katika unga wa jiwe la gumegume ndani ya makasha ya udongo mgumu. Baada ya kutoka jokoni unga huo uliokuwa umeshikamana na chombo ulisuguliwa kwa brashi, na wasuguaji walikuwa wanawake. Vumbi la gumegume likiingia katika pafu halitoki. Hulikata na kuligeuza kuwa gumu kama ngozi kavu, na mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi. Wenyeji walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, wakiuita uozo wa wafinyanzi.

Msomaji asidhani kuwa hatari hiyo haikujulikana. Gumegume ilisagwa pia kwa kutiwa katika udongo wa vyombo vya kawaida, na mapema mwaka 1726 Thomas Benson alipata hati kwa ajili ya njia ya kuisaga ndani ya maji, akieleza katika hati yenyewe kuwa usagaji mkavu ulikuwa unawaangamiza watu. Kusaga kukahamia majini kwa sababu kulileta faida pia. Kusugua hakukuhamia, na brashi iliendelea kutimua vumbi kavu kizazi baada ya kizazi. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kuuweka unga wa alumina, usiodhuru pafu kwa namna ile, mahali pa gumegume. Sheria maalumu ya afya ya wafinyanzi iliyoikataza gumegume katika kazi hiyo ilitolewa mwaka 1947. Kati ya hati ya Benson na sheria hiyo ilipita miaka 221.

Sifa ya pili ni mng'aro. Kipako kilichoiva kwa moto mdogo kilihitaji kitu cha kukiyeyusha upesi, na kitu hicho kilikuwa madini ya risasi. Risasi ndiyo iliyokipa kipako ulaini wake wa kina na kuziruhusu rangi zing'ae. Wachovyaji walitia vyombo katika maji ya kipako kwa mikono mitupu, na wasaidizi wao, wengi wao wasichana, walipangusa mabaki yaliyokauka yakawa vumbi. Sumu ya risasi iliwapa maumivu ya tumbo, ikawalegeza vifundo vya mikono, ikawapofusha wengine, na wanawake waliharibu mimba. Mwaka 1898 serikali iliwaagiza Thorpe, mtaalamu wa kemia, na Dakta Thomas Oliver kuchunguza, nao walionyesha kuwa kazi nyingi zingeweza kufanywa bila ya risasi ghafi, au kwa risasi iliyopikwa kwanza na kioo ili isiyeyuke upesi mwilini. Wenye viwanda walijibu kuwa mng'aro utapungua na wanunuzi watakwenda kwingine. Jibu hilo lastahili kukumbukwa na kila mhakiki, kwa kuwa ni hoja ya uzuri iliyotumiwa kupinga maisha ya watu.

Sasa yafaa kutazama jinsi fasihi ya Uingereza ilivyokisoma chombo hiki, kwa maana wilaya hii ilipata waandishi wawili walioitazama kutoka mahali pawili. Wa kwanza ni Arnold Bennett, aliyezaliwa Hanley mwaka 1867. Riwaya yake, Anna of the Five Towns, ilitoka mwaka 1902. Miji sita ameifanya mitano, akaiacha Fenton, na watu wa Fenton hawakumsamehe upesi. Katika riwaya hiyo Anna, binti wa bahili mmoja, anatembezwa katika kiwanda cha mchumba wake Henry Mynors, na mwandishi anamfuata udongo kwa udongo, chumba kwa chumba, kutoka ghala hata kwa wanawake wachoraji. Ni sura ya ustadi mkubwa. Kila chombo kina jina lake na kila mkono una mwendo wake. Walakini Anna anatembea kama mgeni wa mwenye kiwanda, na msomaji anatembea nyuma yake. Anayoyaona ni usafi, mpango na wepesi wa mikono. Mapafu hayaonekani kwa mtu apitaye.

Mwandishi wa pili ni Charles Shaw, aliyezaliwa Tunstall mwaka 1832. Alikuwa mkimbiza kalibu tangu umri wa miaka saba, na mwaka 1842 aliingizwa pamoja na jamaa yake katika nyumba ya maskini ya Chell baada ya baba yake kukosa kazi. Uzeeni aliandika kumbukumbu zake, When I Was a Child, zilizotoka katika kitabu mwaka 1903 bila ya jina lake, kwa sahihi ya mfinyanzi mzee tu. Si kitabu cha fundi wa maneno. Kina mahubiri mengi, na mara nyingi hurudia lililokwisha kusemwa. Lakini mtoto wa Shaw hapiti kiwandani. Anakimbia ndani yake. Urefu wa chumba unapimwa kwa miguu yake, na joto la chumba cha kukaushia kwa uso wake. Kwa mara ya kwanza katika maandishi ya wilaya hiyo sahani inaonekana kutoka upande wa chini, mahali anaposhika mbebaji.

Bennett anastahili haki yake. Alikisoma kitabu cha Shaw, akafahamu kilichopungua katika kazi yake mwenyewe. Katika Clayhanger, riwaya ya mwaka 1910, utoto wa Shaw amempa Darius Clayhanger, mzee mkali mwenye kiwanda cha kupiga chapa, ambaye mwanawe Edwin anamwona kuwa dhalimu asiye na moyo. Msomaji huambiwa habari za kazi ya utotoni na nyumba ya maskini. Edwin haambiwi. Mwana amwona baba kama watu waonavyo kikombe: ugumu wa nje pasipo moto ulioufanya. Hiyo ni fasihi bora kuliko sura ya kiwanda katika riwaya ya kwanza, na ubora wake haukutokana na maneno mazuri zaidi. Ulitokana na kuingiza gharama ndani ya umbo. Kwa hiyo hukumu juu ya vitabu hivi yapatana na hukumu juu ya chombo. Bennett bila ya Shaw ni uso, Shaw bila ya Bennett ni jeraha lisilo na umbo, na kazi kamili ni ile iliyobeba vyote viwili.

Yamkini mtu atapinga kwamba uzuri hupimwa kwa mizani yake wenyewe, na kwamba hata majumba makubwa ya kale yalijengwa kwa mateso, na bado ni mazuri. Hoja hii ina nguvu, nayo haifai kujibiwa kwa hasira. Ni kweli kikombe hakipungui weupe kwa sababu ya pafu la msuguaji. Lakini hoja hudhani kuwa mateso yalikuwa nje ya chombo, kama kelele nje ya msikiti wakati wa sala. Katika kauri ya mifupa hayakuwa nje. Umbo lilikuwa la gumegume na mng'aro ulikuwa wa risasi. Zaidi ya hayo, alumina ilipoingia mahali pa gumegume, na risasi ghafi ilipoondolewa, kikombe kilibaki kuwa kizuri. Jambo hilo lathibitisha kuwa uzuri haukuyahitaji mateso yale. Aliyeyahitaji alikuwa mwenye haraka na mwenye faida, na uzuri ulisingiziwa.

Habari za baadaye ni fupi. Majoko yenye umbo la chupa, ambayo wakati wa wingi wake yalikadiriwa kuwa 2,000 katika miji hiyo, yaliondolewa baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, na yaliyobaki hayafiki 50. Mara ya mwisho moja lilipowashwa kwa makaa ya mawe ilikuwa Longton mwaka 1978, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kampuni ya Spode ilianguka mwaka 2008, na ya Wedgwood ikafuata mwaka 2009. Majina yao yalinunuliwa na wengine, na sehemu kubwa ya kazi ilihamia Asia. Chombo kilichotoka kumwiga Mchina kimemrudia mwalimu, pamoja na mifupa yake.

Hukumu ya haki, basi, si kukivunja kikombe wala kukiabudu. Ni kazi ya asili, wala si mwigo. Ina ustadi ambao hauna budi kusifiwa, na imebeba deni ambalo halina budi kutajwa. Wahenga waliosema kuwa mfinyanzi hulia gaeni hawakusema kuwa chungu ni kibaya. Walitaka mlaji ajue kuwa kuna mtu mwingine anayekula, na chombo anacholia. Akishikaye kikombe hiki mbele ya taa huona kivuli cha vidole vyake mwenyewe. Kazi ya uhakiki ni kumwonyesha kuwa vipo na vidole vingine.